Nafasi za utafiti baada ya uzamivu Ufini: tafuta fedha zilipo kabla ya kusubiri tangazo

Swali: Nimetetea tasnifu yangu ya uzamivu Morogoro, katika sayansi ya misitu. Nilitumia picha za satelaiti na vipimo vya uwandani kukadiria kaboni iliyohifadhiwa kwenye miombo. Nina makala tatu majaridani. Tangu mwaka jana naomba nafasi za utafiti baada ya uzamivu kwenye vyuo vikuu vya Ufini, na ninachopata ni barua ya kunishukuru au kimya. Wenzangu wananiambia nitafute skolashipu. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu, nafasi ya namna hii Ufini ni ajira. Unasaini mkataba wa kazi wa muda maalumu, wa mwaka mmoja hadi minne na mara nyingi miwili. Unalipwa mshahara, unakatwa kodi na mchango wa pensheni, unapata likizo na huduma ya afya ya kazini. Katika matangazo ya Kifini cheo hicho huandikwa tutkijatohtori. Anayesoma maombi yako hajiulizi kama unastahili kusaidiwa. Anajiuliza kama utaimaliza, ndani ya miezi 24, kazi aliyokwisha kumwahidi mfadhili wake. Barua nyingi kutoka kwetu huanguka hapo: zimejaa shukrani, ndoto na historia ya mwombaji, na hazisemi ataanza na kazi gani wiki ya kwanza.

Jambo la pili, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: mshahara huo kwa kawaida hautoki kwenye kapu la chuo. Unatoka kwenye mradi wa mtu fulani aliyeshinda ruzuku. Tangazo unaloliona mtandaoni ni hatua ya mwisho ya safari iliyoanza miezi mingi nyuma, na likishatoka unashindana na dunia nzima. Aliyejua mapema kwamba fedha zimepatikana, akajitambulisha kwa mkuu wa mradi kabla tangazo halijaandikwa, yuko mbele yako. Hajapendelewa. Ni kwamba tangazo linapoandikwa, mkuu wa mradi tayari anafahamu kuwa kuna mtu mwenye ujuzi huo. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta fedha zilipo.

Fedha zilipo na zinavyotoka

Mfadhili mkuu wa utafiti wa vyuo vikuu ni Suomen Akatemia, baraza la utafiti la Ufini. Mpango wake wa kawaida ni mradi wa miaka minne chini ya mtafiti mkuu mmoja. Maamuzi mengi hutangazwa kuelekea kiangazi, Mei na Juni, na miradi mingi huanza Septemba. Maana yake kwako: Juni majina yanajulikana, Agosti na Septemba matangazo yanamiminika. Ruzuku za Baraza la Utafiti la Ulaya (ERC) zina msimu wake. Matokeo ya watafiti wachanga hutoka kama Septemba, ya ngazi ya kati kama Desemba, ya wakongwe kuelekea kiangazi. Aliyeshinda ERC ana fedha za timu nzima kwa miaka mitano; huyo ndiye wa kumwandikia kwanza.

Ingia tovuti ya Research.fi. Ni mlango wa serikali ya Ufini unaoonyesha utafiti wote wa nchi: machapisho, watafiti, na fedha zilizotolewa. Nenda sehemu ya fedha zilizotolewa, tafuta kwa maneno ya fani yako kwa Kiingereza, kisha chuja kwa mwaka wa kuanza. Utaona jina la mtafiti mkuu, chuo, kiasi, mfadhili, na tarehe za mwanzo na mwisho. Weka kando miradi iliyoanza mwaka huu au itakayoanza Septemba ijayo, yenye miaka mitatu au zaidi mbele. Mradi uliobakiza mwaka mmoja hauna kitu kwako, hata kama mada yake imekaa kama tasnifu yako.

Soma pia kiasi. Mradi wa kawaida wa Suomen Akatemia huzunguka nusu milioni ya euro, na baraza hulipa kwa kawaida asilimia 70 tu ya gharama; chuo kinajazia iliyobaki. Mtafiti mmoja hugharimu zaidi sana ya mshahara anaouona kwenye akaunti, maana juu yake kuna michango ya mwajiri na gharama za uendeshaji za chuo. Matokeo yake, mradi wa ukubwa huo unatosha mtafiti mmoja wa baada ya uzamivu kwa miaka miwili au mitatu na mwanafunzi mmoja wa uzamivu, basi. Ukikuta kwenye ukurasa wa timu kuna watu wawili walioajiriwa tayari kwa mradi huo huo, mlango huo umefungwa. Usipoteze barua.

Kwa fani yako hali ni nzuri kuliko unavyodhani. Misitu Ufini ni uchumi, siasa na chakula cha kila siku cha mijadala ya magazetini, kwa hiyo watafiti wake ni wengi. Idara ya sayansi za misitu ya Chuo Kikuu cha Ufini Mashariki iko Joensuu, na mji huo huo una Taasisi ya Misitu ya Ulaya. Chuo hicho ndicho kinachoongoza mradi mkubwa wa UNITE, unaounganisha misitu, vipimo vya leza na akili mnemba. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kampasi ya Viikki kwa kilimo na misitu, na kina kituo cha utafiti Wundanyi, katika milima ya Taita nchini Kenya, ambako watu wake wamekuwa wakipima misitu na matumizi ya ardhi kwa miaka mingi. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuelezwa miombo ni nini wala kwa nini mvua ya vuli inaharibu picha za satelaiti.

Usiishie vyuoni. Luke, taasisi ya taifa ya maliasili, huajiri watafiti wenye uzamivu kwa mikataba inayofanana na ya vyuo. Kuna pia VTT ya Espoo, taasisi ya utafiti wa teknolojia, taasisi ya mazingira SYKE, taasisi ya hali ya hewa, na kitengo cha utafiti wa ramani na vipimo vya ardhi kilicho chini ya Maanmittauslaitos. Waombaji wengi kutoka nje hawazijui, na ushindani wake mara nyingine ni mwepesi kidogo.

Una kadi nyingine mkononi ambayo pengine hujaitambua. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu Tanzania, NAFORMA, ilifadhiliwa na Ufini kupitia FAO, na baadaye Ufini ikafadhili programu ya Panda Miti Kibiashara nyanda za juu kusini. Kama ulitumia viwanja vya vipimo vya NAFORMA kwenye tasnifu yako, liandike jambo hilo katika mistari mitatu ya mwanzo ya barua yako, pamoja na maelezo ya ruhusa uliyonayo ya kutumia data hizo. Mtafiti wa Kifini akisoma hapo, anaona mtu anayejua mfumo wa vipimo ambao wataalamu wa kwao walishiriki kuubuni.

Matangazo rasmi

Ufini ina vyuo vikuu 13 chini ya wizara ya elimu: Helsinki, Aalto, Turku, Åbo Akademi, Tampere, Jyväskylä, Ufini Mashariki, Oulu, Lapland, Vaasa, LUT, Hanken na Chuo cha Sanaa. Kila kimoja kina ukurasa wake wa ajira, na matangazo huwa kwa Kiingereza. Kifini hakitakiwi kwa kazi nyingi za utafiti wa sayansi. Åbo Akademi na Hanken ni vyuo vya Kiswidi, lakini hata huko nafasi nyingi za utafiti huendeshwa kwa Kiingereza. Jiandikishe upate taarifa kwa barua pepe pale panaporuhusu, na ongeza Euraxess, ambayo hukusanya nafasi za Ulaya nzima. Hakuna chuo cha Ufini kinachotoza ada ya kuomba kazi. Anayekudai hata euro kumi za kushughulikia maombi ni tapeli.

Ukisoma tangazo, angalia mambo ambayo wengi huyaruka. La kwanza ni umri wa uzamivu wako. Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa mfano, huwa kinataka shahada isiyozidi miaka mitano, ukiondoa likizo ya uzazi na sababu nyingine za kisheria. La pili ni lini uzamivu uwe umekamilika: wapo wanaotaka siku ya kuomba, wapo wanaokubali siku ya kuanza kazi. La tatu ni sehemu ya ufundishaji, ambayo mara nyingi haizidi asilimia 10 ya muda wa kazi. Ikizidi sana, jiulize utaandika makala saa ngapi.

La nne ni jina la mtu wa kuulizwa maswali, lililo chini kabisa ya tangazo. Huyo hakuwekwa kwa mapambo. Kwa Wafini, kumwandikia au kumpigia kabla ya kuomba ni jambo la kawaida kabisa, na mara nyingi yeye ndiye mkuu wa mradi. Uliza swali moja ambalo jibu lake haliko kwenye tangazo: data zitatoka wapi, mradi una seva za kuchakata picha au mtatumia huduma ya kukodi, kuna safari za uwandani au la. Usimwulize kama una nafasi ya kupata, hawezi kukujibu.

Saa nayo huangusha watu. Kiangazi Ufini na Afrika Mashariki zina saa moja. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, Ufini iko nyuma yetu kwa saa moja. Matangazo mengi ya kazi hufungwa saa 5:59 usiku kwa saa za Ufini, lakini maombi ya Suomen Akatemia hufungwa saa 10:15 jioni, na mfumo haumsubiri mtu. Mifumo hii pia huelemewa siku ya mwisho. Tuma siku mbili kabla.

Ushindani nao unaongezeka, na ni vizuri ujue sababu. Mwaka 2024 serikali ya Ufini ilianza mpango wa kuajiri wanafunzi 1,000 wa uzamivu kwa miaka mitatu tu, kwa euro milioni 255, ili wamalize haraka. Kundi hilo linatoka mwaka 2027, na wengi wao watataka nafasi zile zile unazozitafuta. Kama una hatua ya kuchukua, ichukue sasa.

Barua ya kujitambulisha

Barua hii hutumwa kabla ya tangazo, kwa mtu uliyempata kwenye orodha ya fedha. Iwe na maneno 150 hadi 200 ya Kiingereza, si zaidi. Mstari wa mada utaje mradi wake kwa jina na ujuzi wako mmoja. Sentensi ya kwanza: wewe ni nani, umetoka chuo gani, umetetea lini. Ya pili na ya tatu: tatizo gani ulilitatua na kwa mbinu ipi, kwa takwimu. Usiandike «nina uzoefu wa picha za satelaiti». Andika kwamba uliunganisha picha za Sentinel-1 na Sentinel-2 na viwanja fulani vya vipimo, ukapata makadirio yenye kosa la kiasi fulani kwa hekta, na kwamba programu uliyoandika kwa R au Python iko wazi mtandaoni. Kisha sentensi mbili zinazoonyesha umesoma mradi wake: kipi katika muhtasari wake unaweza kukifanya tangu mwezi wa kwanza. Malizia kwa kuuliza kama anatarajia kuajiri kwenye mradi huo katika miezi 12 ijayo, au kama angekubali kuwa mwenyeji wako katika maombi ya Marie Curie, ufadhili wa Ulaya nitakaoueleza mbele. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili, faili moja ya PDF.

Wafini huandika kwa ufupi na kuitana kwa majina ya kwanza, maprofesa kwa wanafunzi. Ukianza kwa cheo na jina la ukoo hakuna atakayechukia, lakini ukirundika heshima tatu kwenye sentensi moja, barua inasomeka kama ile ya matapeli wa urithi. Usitume barua moja kwa watu ishirini. Vitivo ni vidogo, watu hukaa meza moja wakati wa kahawa, na wataoneshana. Bora sita zilizoandikwa vizuri.

Halafu kuna Julai. Baada ya sikukuu ya Juhannus, mwishoni mwa Juni, nchi inahamia kwenye nyumba za mapumziko kando ya maziwa, na vyuo vinabaki na walinzi. Barua ya Julai huzama chini ya mia nyingine. Andika Agosti katikati, au Januari hadi Mei. Usipojibiwa wiki mbili, kumbusha mara moja kwa sentensi mbili. Baada ya hapo acha. Ukimya kwao hauna tusi ndani yake. Mara nyingi maana yake ni kwamba fedha hakuna.

Faili la maombi

Tangazo la kawaida litataka barua ya maombi ya kurasa moja au mbili, wasifu, orodha ya machapisho, nakala ya cheti cha uzamivu, wadhamini wawili au watatu, na pengine mpango wa utafiti wa kurasa mbili hadi tano. Toa kile kilichotajwa. Kurasa za ziada, vyeti vya semina na barua ya mkuu wa wilaya hazisomwi.

Wasifu una mwongozo wake wa kitaifa, uliotolewa na TENK, bodi ya maadili ya utafiti. Utafute uufuate, hata kama tangazo halikuutaja. Una vichwa vya ajira, elimu, fedha ulizopata, usimamizi wa wanafunzi, ualimu, na michango kwa jamii. Weka hata ruzuku ndogo. Aliyepata dola 3,000 za safari ya uwandani ameonyesha kwamba kuna mtu aliyemwamini na fedha. Eleza mapengo ya muda kwa mstari mmoja: likizo ya uzazi, kazi ya ualimu wa muda wote chuoni. Zinahesabiwa kwa haki, ila lazima zionekane.

Orodha ya machapisho hupangwa kwa herufi za wizara ya elimu ya Ufini. A1 ni makala ya jarida iliyopitiwa na wataalamu, A3 sura ya kitabu, A4 makala ya mkutano iliyopitiwa, C1 kitabu kizima, na kuendelea. Kupanga makala zako tatu hivyo kunachukua dakika kumi na kunaonyesha umefanya utafiti kabla ya kuomba. Usiweke namba za umaarufu wa jarida (impact factor). Suomen Akatemia limesaini azimio la DORA linalopinga kumpima mtu kwa jarida alilochapisha, na baadhi ya wasomaji wataona namba hizo kama dalili kwamba hujui.

Hata hivyo, majarida yanaangaliwa. Ufini ina orodha ya Julkaisufoorumi, maarufu JUFO, inayoyapanga majarida kwa ngazi 0 hadi 3. Miongozo yake yenyewe inasema isitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja, lakini kila mtu kwenye kamati anaijua. Desemba 2024 JUFO ilitangaza kuyashusha hadi ngazi 0 majarida 271 ya MDPI na Frontiers kuanzia 2025, kwa hofu ya ubora wa upitiaji. Watafiti wengi wa kwetu wamechapisha huko kwa sababu majibu huja haraka. Angalia kila jarida lako kwenye tovuti ya JUFO. Makala nzuri haifutiki kwa ajili hiyo. Katika barua, tangulia na makala iliyo kwenye jarida lenye nguvu zaidi, na ueleze matokeo kabla ya jina la jarida. Makala ya nne, inayokuja, ipeleke penye ngazi 1 au 2 hata kama itachukua mwaka.

Mpango wa utafiti ndio unaowapoteza walio wengi, nao hupotea kwa njia moja: wanaandika upya tasnifu yao. Mkuu wa mradi ana mpango wake tayari. Amekwisha kulipwa kuutekeleza. Unachotakiwa kuonyesha ni kipande chake unachokibeba. Andika swali moja, data zilizopo na zisizopo, mbinu, ratiba ya miezi sita sita, na makala mbili au tatu zitakazotoka, kila moja na jina la muda. Kisha andika aya ya hatari: kama viwanja vya vipimo havitoshi utafanya nini, kama kibali cha data kutoka Tanzania kitachelewa utaanza na eneo gani. Kamati zinapenda aya hiyo kuliko zote, na karibu hakuna anayeiandika.

Wadhamini wako wajue. Mara nyingi huandikiwa barua au kupigiwa simu baada ya orodha fupi kutoka, na hupewa siku chache. Msimamizi wako anayefungua barua pepe mara moja kwa wiki atakugharimu nafasi, hata awe profesa mkubwa kiasi gani. Afadhali mshiriki wa makala kutoka nchi nyingine anayejibu siku hiyo hiyo.

Usaili huwa kwa video, kama nusu saa hadi saa nzima, na huanza na wewe kueleza utafiti wako kwa dakika 10 hadi 20. Maswali ni ya vitendo: sehemu gani ya makala hii uliifanya kwa mikono yako, msimamizi alifanya ipi, programu yako ikipewa mtu mwingine itafanya kazi. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui na ungelitafuta wapi. Kujisifu hakuwapendezi, lakini unyenyekevu wa kwetu, wa kusema «tulifanya» kila mahali, nao unakudhuru, kwa sababu hawajui wewe ulifanya nini.

Kuja na fedha zako

Njia hii ni ndefu, lakini kwa mtu aliye nyumbani Tanzania ina faida moja kubwa. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa baada ya uzamivu hutolewa kwa mtu wa taifa lolote, mwaka mmoja hadi miwili kwa mwenyeji wa Ulaya, na maombi hufungwa Septemba. Unatakiwa uwe na uzamivu usiozidi miaka minane, na usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 kati ya 36 iliyotangulia tarehe ya mwisho. Wewe umetimiza hilo. Ukikubali kwanza mkataba wa mwaka na nusu Joensuu halafu ukaomba, umejifungia mlango mwenyewe. Ushindani ni mkali: maombi yalipita 10,000 mwaka 2024 na yakapita 17,000 mwaka 2025. Anayeanza kuandika Agosti amechelewa. Tafuta mwenyeji Februari au Machi, wakati vyuo kadhaa vya Ufini hutangaza kwamba vinapokea watu na kuwaandalia mafunzo ya kuandika maombi hayo.

Wakfu binafsi za Ufini ni nyingi na tajiri. Kone hupokea maombi Septemba na hupendelea sanaa, sayansi za jamii na mazingira. Suomen Kulttuurirahasto hupokea Oktoba kwa fani zote. Zote zinataka uhusiano wa kweli na Ufini. Jihadhari na mfuko wa pamoja wa wakfu hizo unaoitwa Post Doc Pool: jina linavutia, lakini ni wa watafiti walioko Ufini wanaokwenda nje.

Elewa pia kwamba fedha ya wakfu, inayoitwa apuraha, si mshahara. Huna mwajiri. Meza, kompyuta na maktaba unazipata kwa makubaliano maalumu na kitivo, huduma ya afya ya kazini huenda usiwe nayo, na kama kazi ya ruzuku ni ya miezi minne au zaidi, wewe mwenyewe ndiye wa kujikatia bima ya pensheni na ajali kwenye mfuko wa Mela. Kiasi chenyewe kwa kawaida ni kidogo kuliko mshahara wa chuo. Kama una mke au mume na watoto wa kuja nao, mkataba wa kazi ni bora mara mbili. Nafasi za miaka minne za Suomen Akatemia kwa watafiti binafsi ziache kwa sasa. Hazikulengwa kwa aliyemaliza juzi, na mshindi wa kawaida tayari ana machapisho ya baada ya uzamivu.

Mshahara, kibali na cheti

Mishahara ya vyuo hupangwa kwa ngazi za ugumu wa kazi pamoja na kiwango cha utendaji wa mtu. Matangazo ya miaka ya karibuni hutaja kati ya euro 3,400 na 4,300 kwa mwezi kabla ya makato. Kodi na michango vikitoka, hesabu kubaki na takribani asilimia 70. Kodi ya nyumba Helsinki na Espoo itakula sehemu kubwa. Joensuu, Oulu na Lappeenranta ni nafuu waziwazi. Muda wa kazi huhesabiwa kwa mwaka, saa 1,612, na kipindi cha majaribio mara nyingi ni miezi sita.

Ukishapata mkataba unaomba kibali cha ukaazi cha mtafiti kupitia mfumo wa EnterFinland. Unajaza mtandaoni, unalipa, kisha unakwenda wewe mwenyewe na hati halisi kuthibitisha utambulisho. Ufini ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Kabla ya kukata tiketi ya basi hakikisha ni ofisi ipi inayopokea maombi ya ukaazi ya nchi yako. Familia inaweza kuomba wakati mmoja na wewe, na mwenzi wako akipata kibali ana haki ya kufanya kazi. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vitahitaji kuthibitishwa, kazi inayochukua wiki, kwa hiyo ianze siku unayoitwa kwenye usaili.

Cheti cha uzamivu ndicho kinachowakwamisha watu wa vyuo vya kwetu kuliko kibali. Umetetea, umefanya marekebisho, lakini mahafali ni Novemba na cheti kitatoka baadaye. Nenda ofisi ya shahada za juu, omba barua yenye muhuri inayosema kwa Kiingereza kwamba umetimiza masharti yote ya shahada, tarehe Seneti ilipoidhinisha, na lini cheti kitatolewa. Barua hiyo ikubalike au la inategemea chuo, kwa hiyo mwulize yule mtu wa mawasiliano kwenye tangazo kabla hujaituma. Na iombe sasa, kabla hujaona tangazo lolote. Ofisi hizo hazina haraka, na matangazo mengi hufungwa ndani ya wiki tatu au nne.